Gari Lililonyamaza Mikoroshoni

Maiti ilikuwa imelala vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Rozalia tangu alipochungulia ndani ya gari. Kiti kilikuwa kimelazwa nyuma. Mikono ilikuwa juu ya tumbo, viatu vimevuliwa na kupangwa. Midomo na kucha za marehemu zilikuwa na wekundu ambao wafu hawana desturi ya kuwa nao.

"Nani kavunja kioo?"

"Mimi, afande," alijibu Koplo Mohamedi. "Milango yote ilikuwa imefungwa kwa ndani. Jirani, Mwamvua, aliona jua linazama na mtu hatoki. Akagonga, kimya. Akaja kituoni mbio."

"Injini?"

"Imezimika yenyewe. Swichi imewashwa, tangi halina hata tone."

Hakukuwa na haja ya kuuliza marehemu ni nani. Zilikuwa enzi za ruksa, magari ya mitumba ya Japani yakimiminika bandarini, na kila mwenye vijisenti akitaka lake. Ridhiwani, kijana wa Dar aliyekuwa akinunua kamba kwa wavuvi wa delta ya Rufiji, alijinunulia gari la spoti lenye milango miwili na tumbo linalolamba barabara. Lilikuwa na tabo, kile kikonokono cha chuma kinachosukumia injini hewa hadi gari linaruka kama limechomwa sindano. Kuleta gari la namna hiyo kwenye mashimo ya barabara ya Kibiti ni sawa na kwenda shamba na viatu vya harusi, lakini nani angemwambia?

Mashimo yalimwambia. Jiwe moja karibu na Bungu liling'oa sailensa na kutoboa sakafu upande wa dereva. Fundi Abdalah wa Kibiti akamtengenezea ekzosi mpya: bomba pana kutoka kwenye tabo, limeinuliwa juu lisiguse mawe. Tangu siku hiyo gari likawa linanguruma hata kuku wanakimbilia ndani. Kibiti nzima ilimsifu fundi.

Sasa gari hilo lilikuwa limekaa kimya chini ya mikorosho, nyuma ya nyumba ya Fundi Abdalah huyo huyo.

Koplo Mohamedi alikohoa, akatazama majani ya mikorosho.

"Sema tu, Koplo."

"Afande, hili kila mtu analijua. Marehemu alikuwa akija hapa mchana, fundi akiwa gereji. Bomba likilia, watu wanajua keshafika. Barazani wanamtania fundi: 'Bomba lako linakwenda kukusalimia nyumbani.'"

Rozalia alikuwa ameusikia utani huo pale kituoni, na alicheka pamoja na wenzake. Alikumbuka sasa, mbele ya maiti, na hakujipenda.

Walifungua buti. Kulikuwa na begi. Juu kabisa palikuwa na doti za kanga, udi na chupa ya manukato. Koplo alitabasamu, akafunga zipu.

"Zawadi za bi mkubwa wa fundi," alisema.

Rozalia hakumkemea.

Biasha, mke wa fundi, alihojiwa sebuleni kwake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, kanga ameivuta mpaka usoni.

"Ulikuwa wapi leo mchana?"

"Mchukwi."

"Kufanya nini?"

"Nilikuwa na haja zangu. Nimerudi nikakuta watu wamejaa uani."

"Ridhiwani alikuwa mpenzi wako?"

"Mwogope Mungu, dada!"

"Basi alifuata nini hapa?"

"Si la kusema."

"Mumeo anajua?"

"Hajui. Wala si la kumwambia yeye."

"Watu wanakusema vibaya, Biasha."

"Nawasikia." Machozi yalimlengalenga, akayazuia. "Waacheni waniseme mie."

Rozalia alifunga daftari. Aliona uzinzi uliokosa hata adabu ya kukanusha sawasawa, na hakumficha Biasha alivyokuwa akimwona.

Maiti ilipelekwa hospitali kwa uchunguzi. Daktari alitoa majibu kesho yake.

"Hakupigwa, hakunyongwa, hakulishwa kitu. Amevuta kaboni monoksidi. Ni hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi wa gari. Haina rangi, haina harufu. Mtu anasikia uzito wa kichwa, anadhani ni usingizi wa mchana."

"Ameamua mwenyewe kujiua?"

"Hilo si la damu kunieleza, Inspekta. Uliulize gari."

Gari lilivutwa hadi kituoni, likainuliwa kwa jeki na magogo. Rozalia alilala chali chini yake, sare na yote. Aliliona lile bomba pana lililosifiwa. Aliona pia kitu kipya: kilango cha chuma kinachofungwa na kufunguliwa kwa waya kutoka ndani. Kikifunguliwa, moshi unatoka moja kwa moja na gari linanguruma. Kikifungwa, moshi unalazimika kupita kwenye sailensa ndogo, na gari linanong'ona. Pale kilango kilipoungwa na bomba palikuwa na masizi ya moshi unaovuja. Na juu ya mvujo huo, sawia kabisa, lilikuwepo tundu la sakafu, upana wa kisahani cha kahawa.

Koplo aliinua zulia la gari kwa ndani. Walitazamana kupitia tundu hilo.

"Mbona halikuzibwa?" aliuliza Rozalia.

"Lilizibwa, afande." Koplo alibandua kipande cheupe kigumu kwenye ukingo, na nyuzi nyeusi zilizoungua. "Hii pamba. Na hii deheni, chokaa na mafuta. Ndivyo wanavyokalafati madau kule delta, maji yasiingie."

"Kwenye dau kuna maji. Hapa pana bomba la moto."

"Ndiyo maana imeungua."

"Fundi Abdalah kwao wapi?"

"Maparoni, kule kule delta. Ukoo wao wote wajenzi wa madau."

Abdalah aliletwa akiwa na mikono ya grisi. Alikuwa mrefu, mpole, na hakumtazama mtu usoni. Rozalia hakuanza na tundu. Alimwomba amweleze kazi aliyoifanya, na fundi yeyote akiulizwa kazi yake hulegea.

"Tabo linataka kupumua, afande. Ukilibana nyuma, linachoka. Kwa hiyo nikampa bomba pana, nikalipandisha juu kwa sababu ya barabara yetu. Juzi akarudi, akataka kilango."

"Kwa nini alikitaka?"

Abdalah alitazama mikono yake. "Alisema watu wanasema sana. Akipita mitaani, anataka gari linyamaze."

"Alikuambia wewe?"

"Aliniambia mimi."

"Ukamtengenezea?"

"Ni kazi yangu."

"Na sakafu?"

"Sakafu nayo niliziba."

"Uliziba kwa kitu gani?"

"Kwa bati. Nilichomelea."

Rozalia alitoa kitu mezani kilichofungwa gazeti. Askari walikikuta chini ya benchi la gereji asubuhi hiyo. Kilikuwa bati la duara, limekatwa vizuri, kingo zimepigwa msasa. Alilishika, akatoka nalo uani, Abdalah akimfuata na Koplo nyuma yake. Akaliweka juu ya tundu la gari. Likakaa kama kifuniko juu ya sufuria yake.

"Ulilikata wewe?"

"Ndiyo."

"Liko tayari. Hukulichomelea. Ukaweka pamba na deheni juu ya bomba la moto, wewe fundi wa magari."

Abdalah aliligusa bati kwa kidole.

"Mwamvua anasema jana mchana ulirudi nyumbani. Ukasimama karibu na gari, kisha ukageuka. Ni kweli?"

Fundi alichuchumaa pale pale, mgongo kwenye gurudumu, akajifunika uso kwa viganja. Grisi ilimwachia michirizi shavuni.

"Nisomee haki zangu, afande," alisema. "Nitasema."

Rozalia alimpa onyo la kisheria. Koplo alikaa kwenye tairi, akaandika maelezo juu ya goti.

"Bati nililikata kwa nia njema, Wallahi. Nikaenda barazani kunywa kahawa kwanza. Mmoja akaniambia, 'Fundi, sasa umemwekea na kilango cha siri? Angalau umtoze nauli.' Watu wakacheka hadi vikombe vikamwagika. Bomba nimelitengeneza mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa najivuna nalo. Kumbe kila likilia linatangaza aibu yangu mtaa mzima. Na sasa mwenyewe kaja kuniomba nilinyamazishe, apate kuingia kwangu kwa raha!"

"Ukaamua kumuua?"

"Hapana! Deheni ikiungua inanuka, afande, inatoa moshi unaokata koo. Niliwaza, atasimama pale kwangu na injini inawaka, moshi utampanda, atatoka mbio anakohoa, mchana kweupe, watu wamwone. Aaibike yeye kama nilivyoaibika mimi. Basi."

"Lakini deheni iliungua mapema."

"Itakuwa njiani. Harufu ikapeperuka na upepo wa dirishani. Akabaki na tundu tupu asijue."

"Na jana mchana?"



"Nilikwenda kuona. Injini ilikuwa inanong'ona. Vioo vyeusi, vyote juu. Nikasogea, nikaona mtu amelala ndani. Nikajua moshi unaingia. Mimi ni fundi, najua."

"Ungegonga kioo."

"Ningegonga nimwambie nini? 'Amka bwana, utakufa hapa unapomsubiri mke wangu'? Mwamvua alikuwa ananitazama toka uani kwake. Nikasema, akiona nagonga, leo jioni barazani itakuwa hadithi mpya. Uso ulinichoma. Nikashika njia nikarudi gereji." Akaanza kulia waziwazi, bila kujificha. "Kugonga tu, afande. Kidole kimoja kwenye kioo. Aibu ikanishika mkono."

Koplo Mohamedi aliacha kuandika. Yeye alikuwepo barazani siku ile ya kahawa. Na kikombe chake kilimwagika.

Kesi ilikuwa imekwisha. Rozalia alikwenda mwenyewe kumpa Biasha habari, na njiani alikuwa na maneno makali aliyoyapanga.

"Mumeo amekiri," alimwambia mlangoni. "Amemuua Ridhiwani kwa ajili yako."

Biasha alikaa chini kwenye kizingiti.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa wivu. Kwa aibu uliyomletea."

"Begi lake mlilifungua?"

"Tuliona kanga."

"Mpaka chini?"

Rozalia alimkumbuka Koplo akifunga zipu.

"Kalifungueni mpaka chini, dada. Mtaona kilemba cheupe na kanzu mpya. Mwanamume humpelekea hawara kilemba? Hicho cha baba wa msichana. Na kanga za mama yake." Akaegemea mwimo wa mlango. "Mie ni somo wa Sabra, wa pale Mchukwi. Nimemfunda tangu alipovunja ungo. Kijana alimpenda, akataka njia ya heshima. Kwetu huanzi kwa baba mtu, unapita kwa somo kwanza, kimya kimya, mpaka wakubali. Wakikataa, asijue mtu, msichana asivunjike uso. Somo hamwambii hata mumewe. Ndiyo amana yenyewe."

"Amekufa tayari, Biasha! Nilipokuuliza ungesema."

"Msichana aliyefiwa na mchumba kabla ya posa huitwa nuksi. Nani atamwoa? Nikaona bora waniseme mie, mtu mzima, nimeshaolewa. Sikujua mume wangu yumo." Alivuta kanga. "Jana nilikwenda kuchukua jibu lao. Walikubali."

 Yale maneno makali yalimgeukia Rozalia mwenyewe, moja moja.

"Kwa nini alikaa garini? Joto lote lile?"

"Alikuwa haingii. Tangu siku ya kwanza nilimkaribisha barazani, akakataa. 'Mwenye nyumba hayupo, mama. Si adabu.' Akawa anangoja mle garini, injini ikiwaka apate baridi la kiyoyozi, vioo amevipandisha watu wasimwone. Hakuwahi kuvuka kizingiti hiki."

Buti lilifunguliwa tena. Kilemba kilikuwepo chini, kimekunjwa ndani ya karatasi laini, na kanzu chini yake. Koplo Mohamedi alikishika kwa mikono miwili. Mzaliwa wa Rufiji, angekijua maana yake kwa kukiona tu, kama angetaka kuona.

"Ningefungua hadi chini," alisema.

"Tungefungua," alimsahihisha Rozalia.

Abdalah aliambiwa yote akiwa mahabusu. Alisikiliza akiwa amesimama, ameshika nondo.

"Hakuingia kabisa?"

"Hakuingia."

"Hata siku moja?"

"Kwa heshima yako, fundi. Alisema mwenye nyumba hayupo."

Hakulia safari hii. Aliuliza kama hakimu wa Utete anaweza kuhukumu haraka. Rozalia akamwambia kwamba mahakama ndiyo itakayopima, mauaji au kuua bila kukusudia, na hilo si la haraka.

Adhuhuri, Biasha alifika kituoni na chakula: wali wa nazi na samaki wa kupaka, bakuli limefungwa kwa kitambaa safi. Watu waliokuwa barazani ng'ambo ya barabara waliinamia vikombe vyao hadi alipopita. Alisimama kwenye mlango wa mahabusu, akasubiri kidogo.

"Hodi," alisema.

Abdalah aliugeuzia ukuta uso wake.

"Hodi, baba," Biasha alirudia.

Askari wote waliisikia. Rozalia aliinua macho kutoka mezani, akangoja kama walivyongoja wengine. Biasha alipiga hodi ya tatu, na kwa desturi ya huko ya tatu isipoitikiwa mgeni hurudi alikotoka. Akaliweka bakuli chini, karibu na nondo, akaondoka.