Mshono Usio Wake

Mwanamume mmoja aliyevaa shati jeupe, lililopigwa pasi hadi kwenye kola, alikuwa amepiga magoti juu ya lami, kichwa chini ya pikipiki, na watu walikuwa wakimruka kama kizingiti. Ilikuwa Jumapili ya maonyesho. Uwanja wa kuegesha magari mbele ya ukumbi mkubwa ulikuwa umejaa pikipiki zilizoundwa kwa mkono: hii tangi lake lilitokana na pipa la mafuta, ile kiti chake kilishonwa na fundi viatu. Kila baada ya dakika chache mtu aliwasha injini yake ili wenzake wanyamaze.

Mwenye pikipiki ile alisimama kando, mikono mifukoni, akimtazama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye ovaroli ya buluu iliyotobolewa na cheche na kitambaa cha manjano kichwani. Bomba la moshi lililoizunguka injini ile alilikata, akalikunja na kulichomelea mwenyewe kwa wiki tano.

"Kaka, umeangusha kitu?"

"Hapana, dada. Nautazama mshono wa kuchomelea kwa chini." Mwanamume alitoa mkono. Ulikuwa umeshika kioo kidogo cha duara chenye mpini mrefu. "Juu kila mtu anapapamba. Nilitaka kujua huku chini fundi alifanya kazi au alisinzia."

"Ukaona nini?"

"Hakusinzia. Chini ni kuzuri kuliko juu."

"Fundi mwenyewe ni mimi."

Yule mtu akainuka polepole, magoti meusi kwa vumbi la lami. "Basi nimekusifu bila kukusudia. Sasa siwezi kujirudi."

"Na hicho kioo unatembea nacho siku zote?"

"Natengeneza meno bandia."

"Hapa hakuna jino bovu."

"Naona. Nimekosa kazi, niko na huzuni kidogo," akasema, wala hakutabasamu, na kwa sababu hakutabasamu ndiyo maana Fundi alicheka.

Miaka sita alikuwa akitengeneza mabomba ya moshi. Watu waliyapiga picha, waliyapapasa, walimuuliza yananguruma kiasi gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga magoti.

Wiki iliyofuata mtengeneza meno alileta pikipiki yake karakana ili atengenezewe bomba la moshi. Fundi alifanya kama alivyofanya siku zote: alichukua waya laini, akaupindisha kuanzia mdomo wa injini hadi gurudumu la nyuma, akaufuatisha kila kona bomba litakapopita, kisha akautundika ukutani. Mtengeneza meno alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akamtazama asubuhi nzima. Alipoondoka alisahau helmeti. Alirudi kuichukua, akasahau glovu.

"Huyu bwana ana kichwa kizima?" aliuliza mama yake Fundi, ambaye cherehani yake ilikuwa kwenye chumba cha mbele, ukuta mmoja tu na karakana.

"Kizima, Mama."

"Basi kesho atasahau viatu."

Wapanda pikipiki wenzake walimwita Meno, na Fundi naye akamwita hivyo. Simu zikaanza kulia saa za kazi.

"Halo, Fundi wangu."

"Meno, nimeshika moto hapa."

"Nami nimeshika taya la mheshimiwa mmoja. Linanitazama. Nimeona bora nisikie sauti ya mtu mwenye mwili wote."

"Piga baada ya saa moja."

"Saa moja yako au ya watu wengine?"

"Laazizi, kata simu kabla sijaunguza ukuta."

Alikata. Baada ya dakika hamsini alipiga tena. Katika miezi minne walizoea kupanda pikipiki pamoja kila Jumapili, yeye mbele, Fundi nyuma akisikiliza bomba lake linavyoimba mlimani, na waliporudi walikula machungwa wamekaa kwenye ngazi za karakana. Jioni moja kwenye ngazi hizo Fundi alisema, "Nilikuwa na kaka. Pikipiki ilimchukua." Meno akamshika mkono, hakuuliza zaidi. Fundi alimpenda kwa kutouliza. Baadaye alikuja kuona kwamba hapo ndipo walipokosea, wote wawili.

Jumamosi moja Meno alifika ili mnyororo ukazwe. Fundi alikaa chini, spana mkononi, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye bomba. Chuma kile kikipata joto kwa miezi hugeuka rangi, dhahabu karibu na injini, kisha hudhurungi. Kwenye kona ya pili palikuwa na sehemu ya upana wa vidole vitatu iliyong'aa kama kijiko kipya. Mtu alikuwa amepasugua kwa msasa. Katikati yake ulipita mshono mnene, uliorundikana. Wake ulikuwa mwembamba, wa hatua ndogo ndogo. Mtu akiweza kutambua mwandiko wa mtoto wake, yeye aliweza kutambua kwamba pale mkono ulikuwa wa mtu mwingine.

"Bomba linakwendaje?"

"Vizuri sana."

"Hujaligonga mahali?"

"Ningeligonga wapi, mpenzi? Nalitunza kama yai."

Fundi alikaza mnyororo. Hakuwa mtu wa kurukia neno. Lakini usiku ule alilala akilifikiria bomba lile. Alidhani limepasuka, na Meno akaona haya kumwambia kazi yake ni mbovu, akampelekea fundi mwingine. Aibu hiyo ilimuuma kama wivu. Labda ilikuwa wivu.

Jumatatu alikwenda kuuliza. Mshono mnene namna ile ni wa mtu aliyezoea vyuma vizito, na kwenye njia ya kwenda kazini kwa Meno kulikuwa na fundi mmoja tu wa mageti. Alimkuta akipaka rangi.

"Dada, mimi nilimwambia," alisema fundi wa mageti kabla hajaulizwa lolote. "Nilimwambia, hii kazi ya kistadi, mimi ni mtu wa mageti, mpelekee mwenyewe. Akaniomba sana. Alikuja kwenye pikapu, yeye na pikipiki yake, bomba limekunjika, kiwiko kinavuja damu."

"Kiwiko?"

"Na helmeti imepata ufa. Hakukwambia?" Fundi wa mageti alitazama brashi yake. "Basi na mimi sijakwambia."

Fundi alipiga simu hapo hapo, amesimama katikati ya mageti yasiyo na nyumba.

"Ulianguka lini?"

Meno akauliza, "Nani amekwambia?"

"Mshono umeniambia. Lini?"

"Wiki tatu. Kulikuwa na mchanga kwenye kona. Si kitu, mpenzi. Niliinuka mwenyewe."

"Na helmeti?"

"Nimenunua nyingine."

"Inayofanana."

"Inayofanana," alikubali Meno, kwa sauti ndogo.

"Usinipigie tena," alisema Fundi, akakata.

Meno alipiga. Alipiga Jumanne mara tano, Jumatano mara tatu. Alhamisi alituma ujumbe: *Nimekosa. Nieleze tu ukubwa wa kosa nijue pa kuanzia.* Fundi aliusoma akiwa amevaa kinyago cha kuchomelea, amekiinua nusu, akakishusha tena.

Ijumaa mama yake aliingia karakana, pini tatu mdomoni, gauni la mteja begani.

"Yule asahauye vitu hajasahau kitu hapa wiki nzima."

"Alianguka, Mama. Akanificha wiki tatu. Helmeti ilipasuka akanunua nyingine ya rangi ile ile nisijue."

Mama alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kola yake. Alikaa juu ya ile ndoo.

"Unajua kwa nini kaka yako hakusema?"

Kaka yake aliangukia kwenye mzunguko wa barabara, pikipiki ikienda mwendo wa mtu anayetembea. Aliinuka, akakung'uta suruali, akarudi nyumbani akala na wenzake na kutania. Siku ya pili alisema ana usingizi. Siku ya tatu hakuamka. Habari ya kuanguka waliipata msibani, kwa rafiki yake. Daktari alisema damu ilikuwa ikivuja ndani ya kichwa taratibu, na kama angefikishwa mapema angepona.

"Kwa sababu uliapa akianguka utaiuza pikipiki," Fundi alijibu polepole. Walikuwa hawajawahi kulisema neno hilo.

"Niliapa mara mbili, mezani, mbele ya watu. Mtoto akaogopa kunivunja moyo." Mama alinyoosha upindo wa gauni juu ya goti. "Mimi nilimtisha wangu nikidhani namlinda. Wewe wako umemtisha kwa nini?"

"Sijamtisha. Nilimwambia tu kwamba Kaka alikufa kwa pikipiki."

"Ukamwambia alivyokufa?"

Mama akasimama, akaokota pini iliyoanguka. "Mteja wangu anakuja saa nane," akasema, akaenda zake.

Kazini kwa Meno palikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Fundi hakuwahi kufika hapo kabla ya asubuhi ile ya Jumamosi. Rafu zilijaa mataya ya plasta yenye majina ya watu, na chumba kilinukia nta ya moto. Meno alikuwa kwenye meza chini ya taa, aproni nyeupe kwa vumbi, akichonga gego dogo la nta kwa kisu chembamba. Alipomwona aliliweka chini kwa uangalifu mno, kama mtu anayeogopa kwamba akifanya haraka mgeni atatoweka.

"Kaa, Fundi. Si hapo, hilo ni taya la mwalimu mkuu."

Fundi alikaa kwenye kiti kingine. Alimweleza yote: mzunguko wa barabara, suruali iliyokung'utwa, chakula, usingizi, asubuhi ya tatu. Alieleza bila kulia, kwa utaratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini bomba hupasuka. Alipomaliza Meno alikuwa amevua miwani.

"Nilidhani aligongwa," alisema. "Uliposema pikipiki ilimchukua, mimi niliona lori. Nikasema, huyu akisikia nimeanguka ataniambia chagua, pikipiki au yeye. Na mimi ningekuchagua wewe, lakini ningekuwa mtu mwenye kinyongo. Nikaona heri nifiche."

"Mimi natengeneza pikipiki, Meno. Naishi kwa watu kuzipanda. Ningekwambiaje uache?"

"Sasa naona. Wakati ule sikuona."

"Sikuogopa uanguke. Wapandao wote huanguka. Nilichoogopa ni mtu anayekung'uta suruali."

Meno alivaa tena miwani. Gari lilipiga honi barabarani. Kisha akaanza, akihesabu kwa vidole vyenye plasta:

"Nina miaka saba nilianguka kwenye baiskeli, nikavunja jino. Nina kumi na tisa niliteleza mbele ya nyumba ya msichana fulani, nikajifanya nimekaa kupumzika. Mwaka juzi nilianguka nimesimama, taa nyekundu, mguu ulikosa barabara. Na wiki tatu zilizopita, kwenye mchanga. Kichwa kiligonga ukingo. Sikuzimia. Niliona nyota kidogo."

"Nyota kidogo," Fundi alirudia. "Vua aproni."

Hospitalini asubuhi ile palijaa watu. Karani nyuma ya dirisha la kioo aliandika bila kuinua macho: umri, kazi, tarehe ya ajali. Alipofika mstari wa mwisho aliuliza, "Huyu uliyefuatana naye ni nani wako?"

"Fundi wangu," alisema Meno.

"Fundi haimo. Kuna mzazi, ndugu, mume au mke, mchumba, rafiki."

Meno hakuwa na haki ya kuchagua, na alijua. Akamgeukia Fundi.

Fundi alitazama ile karatasi. Aliona kwamba neno lolote atakalosema litaandikwa kwa wino, na kwamba wiki nzima alikuwa akijitayarisha kusema lile la mwisho kwenye orodha, au kutosema kabisa.

"Mchumba," alisema.

Karani akaandika. "Subirini pale."

Walikaa kwenye benchi la bati. "Tangu lini?" Meno alinong'ona.

"Tangu sasa hivi. Una neno?"

"Sina. Nilitaka tu kujua tarehe."

Waliitwa, Meno akaingia peke yake kupigwa picha ya kichwa. Saa moja na nusu Fundi alisoma tangazo moja la kunawa mikono mpaka akalikariri. Meno alitoka na bahasha kubwa.

"Daktari amesema kichwani hamna kitu."

"Hilo nililijua tangu zamani," alijibu Fundi, akataka kucheka, kikatoka kilio. Alilia akiwa amesimama katikati ya watu, uso kwenye kola ya lile shati lililopigwa pasi, na Meno akamshika mpaka pumzi yake ikatulia.

Kisha wakaanza kutembea kuelekea mlango wa kutokea. Hatua kumi hivi, Meno akasimama.

"Na bega la kushoto," alisema. "Nikiinua mkono linauma. Tangu siku ile. Sijamwambia daktari, wala sikutaka kukwambia na wewe."

Fundi akamshika mkono wa kulia, wakageuka, wakarudi kugonga mlango wa daktari.