Kivuli Chini ya Jino la Benadetha

Kule Matiri, Benadetha alitafuna upande wa kulia tu. Magego ya kushoto yaling'olewa zamani, enzi zile ukipeleka jino linalouma, jibu ni koleo. Hakuna aliyekuuliza. Hajasahau, wala hajasamehe.

Gego moja la kulia lilitibiwa mzizi Mbamba Bay. Daktari Yuliana alilisafisha ndani, akaliziba, akalivika kofia ngumu. Sasa alimwita aje likaguliwe. Benadetha aliteremka na shemeji yake, Othmar.

"Shemeji, unahangaika bure," Othmar alicheka. "Jino likishatibiwa mzizi limekufa. Maiti haiumi! Mimi langu lililotibiwa nafungulia soda."

Yuliana alipiga picha ya eksirei. Kwenye ncha ya mzizi kulikuwa na kivuli cheusi.

Benadetha akainuka. "Ndiyo mnavyoanza! Leo kivuli, kesho koleo. Nikilipoteza hili nitatafunia nini?"

"Kaa, mama. Uliza kwanza."

"Haya. Hicho ni nini?"

"Mfupa ulioliwa na ugonjwa."

"Ugonjwa bado upo?"

"Picha moja haijibu hilo." Yuliana akaleta picha ya siku ya matibabu. Kivuli cha siku ile kilikuwa kama punje ya harage. Cha leo, kama punje ya ulezi.

"Kinapungua!" Benadetha aliinama kutazama vizuri.

"Mfupa unarudi. Huchukua hata miaka. Ukitafuna linauma? Fizi inavimba?"

"Hapana."

Yuliana aligongagonga jino. Halikuuma. Kofia ilikuwa imeshika vizuri. "Basi haturudii matibabu. Tunalifuatilia. Mwakani tutapiga picha nyingine. Likiuma kabla ya hapo, njoo mara moja."

"Na lingekuwa la kurudiwa, ungejuaje?"

"Kivuli kingekua, au kingekaa vilevile miaka yote. Lingeuma. Au kofia ingepasuka, mate yapenye ndani. Au fizi ingetoa kipele cha usaha."

Benadetha akageuka taratibu. "Shemeji, fungua kinywa."

"Mimi nimekusindikiza tu!"

"Na kile kipele unachotumbua kwa mwiba?"

"Mbona hakiumi?"

"Usaha umepata njia ya kutokea," alisema Yuliana. "Ugonjwa uko palepale."

Othmar naye akapigwa picha, ikaonyesha: kizibo kimepasuka, kivuli kikubwa. Jino la Othmar lilitakiwa kufunguliwa, kusafishwa upya na kuzibwa upya.

"Nipe vidonge tu, daktari."

"Ndani ya jino hilo damu haipiti. Dawa itafikaje?"

"Basi ling'oe, yaishe!"

"Ng'o!" Benadetha aliruka. "Tumeng'olewa vya kutosha. Daktari, linaponyeka?"

"Mzizi haujapasuka. Tukilirudia vizuri, lina nafasi nzuri ya kupona."

"Umesikia? Kaa kwenye kiti."

Mwaka uliofuata walirudi wote wawili. Kivuli cha Benadetha hakikuonekana tena. Kipele cha Othmar kilikuwa kimetoweka na kivuli chake kimeanza kupungua. Soda sasa anafungulia kifungulio, na ole wake anayemcheka.

Asubuhi moja Benadetha alikutana na jirani yake Tereza njiani, ameshika shavu. Jino lake lililotibiwa mzizi lilikuwa linauma tena.

"Naenda kung'oa," alisema Tereza.

"Wamelipiga picha?"

"Hapana."

"Umewauliza kama linaweza kurudiwa?"

"Kumbe linarudiwa?"

Benadetha aliweka jembe lake kando ya njia, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Twende wote," alisema. "Leo tunauliza."