Kambo Alisema Njia Iko Muzuri

Kila asubuhi kabla ya shule, Exaucée alifagia uwanja wa nyumba yao, mtaani Katuba, mjini Lubumbashi, na kuwasha makaa kwenye mbabula ili mama yake akaange maandazi ya kuuza. Lakini wiki hiyo, hata kabla ya kushika ufagio, alitoka nje na kuitazama mbingu. Ilikuwa safi, ya buluu, bila wingu hata moja.

"Weye," mama yake, Simone, alimtania, "mbingu ya Katuba ndiyo hiyo iko kwa kambo yako?"

Exaucée alicheka tu. Siku ya Jumamosi wanafunzi wa darasa la sita walikuwa waende kupanda Mlima Kibeshi, mlima wa msitu mnene ulio mbali, upande wa barabara iendayo Kilwa, mji wa ziwani. Kambo Adrien, yaani babu yake mzaa mama, alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipostaafu alirudi kijijini kwao, chini kabisa ya mlima huo. Kwa hiyo Mwalimu Hortense alimpa Exaucée kazi kubwa: apige simu, aulize njia ya mlimani na hali ya hewa, kisha alete jibu Ijumaa asubuhi. Jibu likiwa zuri, wataenda. Likiwa baya, safari itaahirishwa. Basi msichana akavimba kichwa! Alitembea shuleni kama mwenye mlima.

Jumatano alimpigia babu yake. "Kambo, Jumamosi tunaweza kuja kupanda mlima?"

"Mukuye tu!" sauti ya mzee ilijaa furaha. "Njia iko muzuri. Tutasonga bukari, tutachinja kuku. Mukuye!"

Kazi imekwisha, Exaucée alijiambia. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Kesho yake Hénoc, mwanafunzi mwenzake aliyependa ubishi kuliko chakula, alikuja na simu ya kaka yake. "Angalia! Mvua na radi, Jumamosi nzima!" Exaucée alitazama. Kweli, kioo kilionyesha wingu na mwale wa radi. Lakini hapo juu ya vichwa vyao jua lilikuwa linawaka! Na simu ilionyesha mvua ya wapi? Hénoc mwenyewe hakujua.

Alipotoka shuleni alimkuta Paulin, dereva wa lori la samaki, ambaye hupita karibu na mlima huo kila anapotoka Kilwa.

"Barabara iko mukavu, vumbi tupu," Paulin alisema huku akijipangusa uso. "Lakini mulima sikuuona. Ulikuwa umejifunika mawingu mpaka chini."

Barabara kavu, mlima umefunikwa! Exaucée alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Amwamini nani? Simu ya Hénoc? Vumbi la Paulin? Alimpigia babu yake tena.

"Kambo, mvua inanyesha huko?"

"Kidogo tu, mwana wangu. Mukuye tu, njia iko muzuri."

Kidogo ni kiasi gani? Aliona haya kuuliza. Ni nani yeye hata amhoji mzee kama askari?

Ijumaa asubuhi, Mwalimu Hortense alimsimamisha mbele ya darasa. "Haya, Exaucée. Tupe habari."

Macho yote yalimwangalia. Moyoni alikuwa na habari tatu zilizokuwa zikigombana, na hakujua ipi ni ya kweli. Alitaka kusema hivyo hivyo. Lakini aliogopa Hénoc angemcheka, tena aliitamani sana safari. Ulimi ukamtangulia.

"Njia ni nzuri, mwalimu. Na mvua hakuna."

Darasa lilipiga makofi. Mwalimu aliwaambia wote warudi mchana na vyakula vyao, vipakiwe tayari kwa alfajiri. Exaucée peke yake hakuwa na furaha.

Nyumbani, mama alimwona anachezea chakula. "Una nini?"

Exaucée alimweleza yote. Alipofika kwenye maneno ya babu, mama alishika kiuno.

"Ee Mungu wangu! Ulimuuliza kama munaweza kwenda?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yangu hajawahi kumwambia mgeni asikuye! Kwetu haisemwi. Ukimuuliza kama munaweza kwenda, yeye anasikia unamuuliza kama anawapenda. Wakati wa matanga ya shangazi yangu tulimuuliza hivyo hivyo, akasema njia iko muzuri. Tulilala porini na njaa, barabara imekatika! Muulize mambo aliyofanya kwa miguu yake."

Exaucée alichukua simu. "Kambo, jana ulienda kwenye shamba lako kule ng'ambo ya kijito?"

"Ah, apana. Wiki hii sijavuka. Mvua ya mulimani inashuka kila mangaribi, maji yamebeba daraja letu la miti. Maharagwe yangu yanaoza kule."

"Na njia ya kupanda mlima inaanzia wapi?"

"Kule kule, ng'ambo. Udongo unateleza, miti imeanguka. Lakini mukuye tu, bukari itakuwa tayari."

Exaucée hakungoja zaidi. Alikimbia mpaka shuleni, kandambili mkononi. Wenzake walikuwa wanapanga viazi na chupa za maji, huku wakiimba. Alisimama katikati yao akihema.

"Mwalimu, nilisema uongo. Nilikuwa na habari tatu zinazopingana, sikujua ipi ni ya kweli, nikasema njia ni nzuri. Daraja limekwenda na maji."

Nyimbo zilikatika. "Unatuharibia!" Hénoc alifoka. "Asubuhi nzuri, mchana mbaya! Tukuamini lini?"

Exaucée alilia, maana swali lilikuwa la haki. Mwalimu Hortense hakumgombeza. Aliomba namba ya mzee, akapiga, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Akawaambia, "Ulizeni. Lakini ulizeni alichokiona tu."

Mmoja aliuliza maji ya kijito yanafika wapi. "Kifuani mwangu," Kambo alijibu, "na miye ni murefu." Mwingine aliuliza kama kuna aliyepanda mlima wiki hiyo. "Hakuna, hata wawindaji." Nyuso zilibadilika. Kulikuwa na watoto wafupi pale, na wengi hawakujua kuogelea.

Mwisho Hénoc aliisogelea simu, sauti imelegea. "Kambo, tusipokuja kesho, utahuzunika?"

"Nitahuzunika sana, mwana wangu. Tangu Jumatano ninawangojea. Lakini heri nihuzunike mukiwa huko, bazima. Mukuye wakati wa kiangazi."

Hénoc aliokota kandambili za Exaucée zilizokuwa zimeanguka, akampa.

"Watoto," Mwalimu Hortense alisema, "heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Exaucée alijikwaa ulimi asubuhi, akarudi kuuondoa mwiba mwenyewe mbele yenu, na hilo si jepesi. Kutojua si aibu. Ukiletewa habari tatu zinazopingana, zilete zote tatu, useme, 'Mimi sijui.' Neno hilo lingetutosha tangu asubuhi. Na ukimuuliza mtu habari za njia, usimuulize kama ni nzuri. Muulize ameipita lini."

Kisha akamgeukia Exaucée. "Kiangazi kikifika, ni wewe utakayempigia Kambo."

"Mimi tena, mwalimu?"

"Wewe. Sasa najua kwamba ukikosea, utakuja mbio kuniambia."

Exaucée alipangusa machozi. Wenzake walifungua vifurushi, wakaanza kula viazi vya safari pale pale uwanjani, chini ya jua kali la Lubumbashi.