Pezi la Njano

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Daktari aliingia kituo cha polisi na nywele bado zinadondosha maji ya chumvi, akabwaga beseni sakafuni mbele ya meza ya Inspekta. Ndani ya beseni mlijaa vipande vya matumbawe.

Walimwita Daktari ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Mgonjwa wake alikuwa mwamba wa baharini. Miaka miwili nyuma ndiye aliyepigana kufa na kupona ufungwe, asizame mtu pale, matumbawe yapumzike na mateke ya wageni. Akashusha fremu za chuma, akafungia matumbawe machanga juu yake, kama mtu anayepanda miche kitaluni.

"Wamezipindua fremu zote," alisema. "Kesho watu wanapiga kura kama mwamba uendelee kufungwa. Leo wameniulia."

"Mara ya mwisho uliyaona mazima lini?" Inspekta aliuliza.

"Ijumaa. Sikushuka tena mpaka leo asubuhi." Akampa picha alizopiga kule chini, kisha akatoa kitu mkobani. "Na hili nimelikuta palepale. Lilikuwa limelala mchangani, peupe kabisa."

Lilikuwa pezi la kuzamia, la plastiki, la njano, lenye nyota nyeusi kisiginoni. Inspekta hakuhitaji kuuliza ni la nani. Nyota ile aliichora kaka yake mwenyewe, na duka lake la wazamiaji lilikuwa na mapezi ya hivyo ukuta mzima. Ili ajipe kitu cha kufanya, aliokota kipande kimoja cha tumbawe. Kilipovunjikia palikuwa peupe pe. Ganda la nje lilikuwa na manyoya ya kijani yaliyobaki kidoleni mwake. Akajifuta kwenye suruali, akaandika maelezo, akili yote ikiwa kwa kaka yake.

Mkuu wa kituo alimwita kabla ya saa tatu.

"Kaka yako alisema mbele ya ukumbi mzima kwamba mwamba ule ataufungua kwa mikono yake. Nilikuwepo. Kamata."

"Maneno makali hayavunji mfupa, Afande."

"Yamevunja matumbawe. Kesho saa nane mkutano unaanza, nataka mtu awe ndani."

"Basi mpe mwingine kesi hii. Ni ndugu yangu."

"Mwingine nani? Nusu ya askari wangu wanaogopa hata ndoo ya maji." Mkuu akarudia mafaili yake. "Saa nane, Inspekta."

Duka la kaka lilikuwa uchochoroni nyuma ya soko, mlango nusu wazi. Tangu mwamba ufungwe, alikuwa akifundisha watu kuogelea tu. Inspekta alimkuta anasuuza vifaa vya wanafunzi kwenye tangi la maji baridi, mapezi ya njano yakielea juu na yeye akiyapekua kwa mkono mmoja.

"Umekuja kama mdogo wangu au kama serikali?"

"Serikali. Mdogo wako nimemwacha mlangoni."

"Mwambie aingie, ndiye ninayempenda."

Inspekta hakucheka. Alimwonyesha pezi, akamweleza. Kaka akalitazama, akarudi kwenye tangi lake.

"La kwangu. La wanafunzi. Siku ile ya kupanda vile vijitumbawe niliwaazima watu wa Daktari mapezi, mengine hayakurudi. Sikuyafuata, maana baada ya hapo mimi na Daktari hatukusalimiana tena."

"Jumamosi na jana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Shahidi wangu wifi yako, na unajua huyo hawezi kunidanganyia hata dakika moja."

"Kaka, kana yale maneno ya ukumbini. Sema ulikuwa na hasira."

"Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Walifunga mwamba bila kuniuliza, mimi niliyewafundisha kuzama wote, na wewe ukiwemo. Sifuti hata neno. Nifunge."

Wifi alitokeza kichwa kutoka chumba cha nyuma. "Mfunge tu, wifi. Ila ukimfunga, kwangu usije tena kula."

Inspekta alitoka uchochoroni. Kama kaka angelala rumande usiku huo, kesho asingepata nafasi ya kujitetea, na mji mzima ungemtazama kama muuaji wa mwamba hadi mwisho wa maisha yake. Akateremka gatini.

Mlinzi wa mwamba alikuwa ameketi kwenye boti ya doria, juu ya turubai, na hakusimama kumwamkia. Hilo peke yake lilitosha. Inspekta alivuta turubai. Chini yake palikuwa na mishipi na samaki wawili wanene, mmoja bado anapigapiga mkia.

"Ndani ya eneo lililofungwa?"

Mlinzi aliinamisha kichwa. "Inspekta, shetani ni samaki. Wamerudi, wamejaa, wananitazama. Mtu ana moyo wa chuma?"

"Fremu umezipindua wewe?"

"Mimi? Nikiwafukuza samaki nivue nini?"

Jibu la mwizi, lakini lilikuwa na mantiki. "Jumamosi na jana ulimwona nani pale?"

"Siku zote mbili nilikuwa nyuma ya mwamba kutwa nzima, na mshipi wangu, Mungu anisamehe. Hakuja mtu. Daktari tu, jana mchana. Akashuka, akakaa chini hadi nikaanza kumwogopea."

Inspekta alifungua maelezo aliyoandika asubuhi. Daktari alisema hakushuka tangu Ijumaa. Ila neno la mlinzi anayeiba anacholinda lingechekwa hata na mahakimu wapole. Ilibidi aende akaone mwenyewe.

Alimpigia Daktari kuomba kibali. Daktari akakataa katakata.

"Mwamba umefungwa kwa wazamiaji wote, hata polisi. Picha nilizokupa zinatosha."

"Nitashuka."

"Nitakushtaki."

"Nishtaki. Kituo unakijua, leo asubuhi ulikifurikisha maji."

Akaazima mtungi wa hewa kwa kaka, bila kumweleza, na mlinzi akampeleka. Chini kulikuwa kimya na maji meupe. Fremu zilikuwa zimelala kifudifudi, vipande vimetapakaa. Akasogea pembeni, kwenye kijia ambacho zamani wazamiaji walipita wakipigapiga mapezi hadi mwamba ukabaki upara. Pale alisimama. Kwenye ule upara kulikuwa na vitumbawe vidogo, ukubwa wa kifungo cha shati, vya waridi na vya kahawia, vimeota vyenyewe, vingi hadi akakosa pa kuweka goti. Akagusa kimoja kwa ncha ya kidole. Kilikuwa na ute. Akakitazama kidole chake, hakikuwa na ukijani wowote, na papo hapo akakumbuka suruali aliyojifutia asubuhi.

Jumanne, saa nane kasoro, ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Kaka alikaa mbele, mikono kifuani, bila pingu. Mkuu wa kituo alimtazama Inspekta kwa jicho la kumla. Daktari alikuwa jukwaani na beseni lake.

"Mwenyekiti, kabla ya kura," Inspekta alisema, akaweka ndoo kubwa ya maji mezani. "Daktari, pezi hili ulilikuta wapi?"

"Nimeshasema. Mchangani."

Inspekta alilizamisha pezi hadi chini ya ndoo, akaliachia. Likaruka juu, likaelea.

"Ni pezi la wanafunzi. Limetengenezwa lielee, lisiwapotee. Likimtoka mtu mguuni, linakwenda juu. Mchangani halilali, ila kwenye maneno ya mtu."

Minong'ono ikaanza.

"Jumapili mchana ulikuwa kwenye fremu. Shahidi yupo, ni mwizi wa samaki, na atashtakiwa kwa hilo, lakini ameona." Akainua kipande kutoka kwenye beseni. "Na hiki ndicho kilichonitoa usingizi. Kimevunjwa juzijuzi, tazameni palivyo peupe. Lakini nje kimeota mwani. Tumbawe hai lina ute, mwani haulishiki. Mwani hauoti kwa usiku mmoja. Matumbawe haya yalikufa wiki nyingi kabla ya kuvunjwa. Daktari, uliua maiti."

Daktari alivuta kiti, akakaa, kisha akasimama tena. Kukaa hakukumfaa.

"Joto liliyaua," alisema. "Maji yalichemka msimu mzima, nikayaangalia yakifa moja baada ya jingine. Mngekuja leo mkaambiwa yamekufa, mngesema nini? Mngesema kufunga ni upuuzi, fungueni. Nikaona bora yaonekane yameuawa."

"Na vile vinavyoota vyenyewe kijiani?"

"Naviona kila wiki. Nani angevijali? Mlitaka fremu, mlitaka cha kupiga picha. Kifungo cha shati hakimshawishi mtu." Akawatazama usoni, safu kwa safu. "Na kama ndiyo njia pekee, ningefanya tena."

"Na kaka yangu?"

Hapo tu Daktari aliangalia chini. "Alipiga kelele kuliko wote. Nilijua mtaamini."

Inspekta alimshika mkono wa kulia. Alijua alichokifanya: amemwokoa ndugu yake, na huenda ameufungua mwamba kwa kinywa chake mwenyewe. Mwenyekiti alikohoa, akasema kwa kuwa mambo yamekuwa hivi, anayetaka mwamba uendelee kufungwa anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Ndipo kaka akasimama.

"Mimi bado nasema mliufunga kwa dharau. Na mwaka kesho nitakuja hapa kugombana nanyi tena, msijidanganye. Lakini mdogo wangu tangu utotoni hajui kusema uongo, kipaji hicho hana. Akisema kwenye kile kijia changu vimeota, vimeota. Na mguu wangu ndio uliokuwa unavikanyaga." Akanyoosha mkono, kwa hasira, kama anayemtishia mtu. "Viacheni vikue."

Mikono mingine ikafuata, kwanza mmoja mmoja, kisha safu nzima.

"Na mimi ninayo kura," Daktari alisema.

Mwenyekiti akamtazama Inspekta. Inspekta akauachia mkono wa kulia, akashika wa kushoto. Daktari akanyoosha.

Walipokuwa wakitoka, Daktari alisimama mbele ya kaka. "Kwa fremu siombi radhi. Kwa pezi, naomba."

Kaka alimgeukia dada yake, macho yamejaa machozi ambayo asingeyakubali hata kwa kiapo.

"Hilo pezi langu nitarudishiwa lini?"

"Kesi ikiisha, kaka."