Jina Lililokosekana Gazetini

Asubuhi ya Ijumaa moja, soko la ndani la jiji la Ghent, Ubelgiji, limefurika watu, lifti ya mizigo iligoma katikati ya ghala na ukumbi wa juu. Marlies Coppens, fundi wa lifti, alifika na mkoba wa vifaa, ovaroli la buluu mwilini, nywele nyekundu amezibana kwa penseli, akapiga magoti mlangoni.

"Uko peke yako humo?"

"Niko na uduvi kilo thelathini, na barafu inayeyuka," sauti ya mwanamume ilijibu. "Dada, nimelowa mpaka soksi."

"Usirukeruke basi."

"Siruki. Natetemeka."

Mlango ulipofunguka alitoka jamaa mrefu, aproni imelowa chapachapa, macho yanacheka. Alikuwa Wannes Verhelst, muuza samaki wa kibanda cha kona. Alimfungia Marlies uduvi kwenye karatasi na kuandika namba yake ya simu juu.

"Ukifurahi, nipigie. Tumbo likikuuma, usimwambie mtu."

Alimpigia jioni ileile.

Walipokutana mara ya pili, wakitembea kando ya mfereji, Marlies alisimama ghafla. Jambo hili hakupenda kulibeba muda mrefu.

"Wannes, nikwambie kabla hujanizoea. Nilipozaliwa walisema ni mvulana, wakanipa jina la kiume. Mimi ni Marlies kwa miaka kumi na mmoja sasa. Kama ni tatizo kwako..."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Ile hotuba yako kwa wanafunzi wa ufundi ipo mtandaoni. Nimeitazama mara tatu. Pale kwenye breki sijaelewa mpaka leo."

Marlies alicheka hadi akashika ukingo wa daraja. Wakapendana kuanzia hapo, miezi minane, kwa simu za mchana zisizo na maana yoyote. "Umekula, kipenzi?" "Nimekula." "Uongo. Nasikia njaa yako kwenye simu." Lakini hata siku za raha Marlies hakutulia. Furaha aliipokea kama mgeni asiyevua koti, tayari kuondoka muda wowote.

Kisha kampuni yake ikampandisha cheo: mkuu wa mafundi wote wa lifti wa jiji, watu arobaini chini yake. Alikuwa ameanza hapo kama mwanagenzi, kabati lake la nguo likichorwa matusi kila wiki. Akayafuta, akasoma, akafaulu mitihani iliyowashinda waliokuwa wakichora. Mwandishi wa gazeti alikuja kumhoji, akaandika kila kitu kwa heshima, na mwisho akauliza, "Na nyumbani, kuna mtu?"

Akilini Marlies aliiona foleni ya wateja wa Wannes, akasikia minong'ono ambayo hakuna aliyekuwa ameinong'ona. "Hapana," alisema. "Naishi na kazi yangu."

Gazeti lilitoka Jumamosi. Wannes hakupiga simu. Marlies alipiga mara tatu, akapata ujumbe mmoja tu: "Nina kazi."

Basi wameshamcheka, aliwaza. Wameona picha yangu, wamemsema, na yeye ameona haya. Jumapili aliosha madirisha, akayarudia. Alibadilisha gauni mara tatu na hakutoka. Jumatatu na Jumanne aliongoza mikutano huku akitazama simu chini ya meza. Jumatano, fundi mzee Rik, aliyemfundisha kazi, alimkuta karakanani.

"Mkuu, skrubu hiyo umeikaza mara nne. Anaitwa nani?"

"Wannes."

"Mfuate, mama. Lifti hazitaanguka leo."

Alikwenda sokoni vilevile alivyokuwa, suti ya kijani na viatu vya visigino vinavyoteleza kwenye maji ya samaki. Foleni ilikuwa ndefu. Wannes alimwona, akaendelea kupima kome.

"Kama unaona aibu, sema tu," Marlies alisema. "Nitaelewa."

"Aibu?" Wannes aliweka chini sahani ya mizani. "Nilinunua magazeti sita. Moja la mama yangu. Nikamsomea kwa sauti, nikafika pale unaposema huna mtu. Akaniuliza, kwani mmeachana lini?"

Marlies alikosa pa kuweka mikono. "Nilikuwa nakulinda."

"Unilinde na nani?"

"Na wateja wako. Wasikuseme."

Mwanamke mzee aliyekuwa mbele ya foleni, Mama Rosseel, aligeuka na kikapu chake. "Binti, wateja tunajua tangu masika. Anatuhadithia habari za lifti mpaka tumechoka. Mimi nataka kome kilo mbili, mje mgombane baadaye."

Wannes hakucheka. "Mimi sikuomba kufichwa, Marlies. Miaka yote hiyo umekataa kufichwa wewe. Halafu unanificha mimi."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alitoa simu akampigia yule mwandishi palepale.

"Ni Marlies Coppens. Nilikupa jibu la uongo, nataka ulisahihishe. Nina mtu. Anaitwa Wannes Verhelst, anauza samaki sokoni." Alisikiliza, kisha akashusha simu kidogo. "Anauliza akuandike nani. Rafiki?"

Wannes alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Mwambie aandike mchumba."

"Hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Mama Rosseel alikiweka kikapu chake chini. Marlies alimtazama Wannes, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi miguu yake haikutaka kwenda popote. Akairudisha simu sikioni.

"Andika mchumba," alisema. "Na jina lake lina N mbili."