Sili Iliyokataa Kutoka

Siku ile fundi alifunga gereji mapema, maana mgongo ulikuwa umemshinda. Tangu asubuhi alikuwa amelala chali chini ya lori la mchanga, na kila alipojiinua viungo vililia kama bawaba zenye kutu. Alitamani aende kwake, aoge, alale. Lakini dada yake alikuwa amempigia simu mara tatu, na mara ya tatu hakusema neno. Alipumua tu... kisha akakata.

Fundi huyu watu walimwita Polepole, kwa kuwa hakuwahi kuharakisha kazi, wala hakuwahi kuiacha njiani. Akabeba boksi lake la vyombo, akashika njia. Jua lilikuwa linazama.

Dada yake alipofungua mlango, Polepole alishtuka. Mwanamke aliyekuwa na mwili na vicheko, sasa gauni lilimning'inia kana kwamba limetundikwa msumarini.

"Dada, unaumwa?"

"Silali, mdogo wangu. Mwaka wa pili huu sijaonja usingizi wa kueleweka. Lile gari..."

"Limefanya nini?"

"Linavuja. Nafuta, linavuja. Lizibe, kisha ulipeleke kwa binamu huko mbali, nisilione tena. Niondolee tu."

Gari lilikuwa la marehemu shemeji yake: gari la zamani lenye taa za mviringo na usukani mwembamba, rangi yake kama chai ya maziwa. Marehemu alilipenda kuliko macho yake, akiliendesha kiwiko kimoja nje ya dirisha. Tangu azikwe, halikuwahi kuwashwa. Nyumbani walibaki wawili, dada na mama mkwe wake. Na huyo mama, tangu siku ya mazishi, alikuwa hajafungua kinywa. Alilala tu chumba cha nyuma, dirisha lake likitazama banda la gari.

Polepole aliingia bandani. Chini ya gari palikuwa na dimbwi la oili, jeusi, linang'aa. Akainama, akachovya kidole.

Ilikuwa ya moto.

"Nani kaliwasha leo?"

"Hakuna. Ufunguo ninao mimi, na betri ilikufa zamani."

"Labda jua la mchana," alisema fundi, ingawa banda lile lilikuwa na kivuli kutwa nzima.

Akapiga jeki, akaweka magogo, akaingia uvunguni na tochi yake. Alifungua propela shafti, lile bomba refu la chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma, akaitua kifuani taratibu kama mtoto mchanga. Sasa akaiona sili yenyewe mkiani mwa giaboksi, kile kipete cha chuma na mpira kinachozuia oili isimwagike. Ilikuwa imeng'ang'ania mahali pake, nyeusi, imelowa.

Kwanza akafungua bolti ya kumwagia oili. Akasubiri.

Halikutoka hata tone. Giaboksi ilikuwa kavu kabisa.

Lakini pale kwenye sili tone lilijikusanya... likanenepa... likamdondokea shavuni. La moto, kama chozi.

Mtu mwingine angetoka mbio. Polepole hakutoka. Mtu akichoka sana, hata hofu yake huchoka. Alijifuta kwa kiwiko, akachukua kulabu, akaipachika ukingoni mwa sili, akavuta. Kulabu ikakatika. Akatia bisibisi nene, akakandamiza kwa uzito wote. Bisibisi ikapinda kama kijiko. Akagonga kwa patasi na nyundo. Patasi ikaruka, sili haikupata hata mkwaruzo.

"Wewe nawe," aliguna, "wenzako wangapi nimewatoa? Umezeeka, mimi pia nimezeeka. Tusichoshane."

Ikabaki njia moja. Utoboe matundu mawili madogo kwenye bati la sili, uingize skrubu, kisha uzikamate na koleo uvute. Alichukua keekee ya mkono, akaanza kuzungusha. Kri... kri... kri... Bati likapasuka.

Pumzi ikatoka.

Si upepo. Pumzi, yenye joto, ikampiga usoni. Ilinuka jasho na dawa ya kuchua, na mashuka yaliyolaliwa muda mrefu. Polepole aliijua harufu ile. Wiki za mwisho yeye ndiye aliyemshika shemeji yake mabega wakati wa kumwogesha.

Alitoboa tundu la pili, akakaza skrubu zote mbili, akazikamata. Akavuta kidogo. Sili ikalia.

"Usinitoe..."

Polepole akaganda.

"Dada, umesema nisiitoe?"

"Sijasema kitu." Sauti ya dada yake ilitoka mbali, mlangoni mwa banda.

Kisha miguu ikasogea, na uso wa dada ukachungulia uvunguni, umeinamia upande. Hakuwa anashangaa. Hilo ndilo lililomtisha fundi zaidi.

"Umemsikia," alinong'ona. "Kila magharibi huanza hivyo. Mwanzo nilifurahi, mdogo wangu. Nilikuja kukaa naye, namsimulia ya kutwa. Lakini yeye hachoki. Usiku kucha ananiita. Hachoki! Na mimi ni mtu."

"Nani kafanya haya?"

Dada akatupa jicho kwenye dirisha la nyuma.

"Mgonjwa alipozidiwa, mama mkwe alisafiri siku mbili. Akarudi na mtu mmoja aliyebeba boksi la vyombo kama lako. Walijifungia humu kutwa nzima. Nilidhani ni fundi."

Polepole alijifuta kiganja kwenye suruali. Koleo lilikuwa limelowa jasho.

"Nifanyeje?"

"Toa."

"Dada..."

"Toa. Nimechoka."

Akakanyaga ekseli kwa miguu yote miwili, akakaza meno, akavuta. Bati likapiga kelele. Usinitoe... usinitoe... Sauti ilikuwa ndani ya chuma, ndani ya koleo, ndani ya mifupa ya mikono yake. Kisha, kwa upole kabisa:

"Mke wangu..."

Dada yake akaziba masikio.

Pu! Sili ikachomoka.

Sauti ikakatika. Pumzi ile ndefu ikapita juu ya uso wa Polepole, ikamvuka, ikatambaa sakafuni kuelekea mlangoni. Aliona miguu ya dada yake ikirudi nyuma hatua moja.

Miguu ikasimama.

"Dada?"

"Nipo," alijibu. "Nipo, tulia."

Akamulika sili kwa tochi. Ndani yake, pale ambapo huwa na springi nyembamba, hapakuwa na springi. Palikuwa na msokoto wa mvi ndefu za mwanamke, umesukwa pamoja na utepe wa fulana ya kiume.

Ndipo sauti ilipotoka dirisha la nyuma. Sauti iliyolala miaka miwili, kavu, yenye kutu.

"Mmemtoa?"

Polepole akatoka uvunguni.

"Sasa atakaa wapi?"

Waliuchoma msokoto ule ndani ya kopo. Uliungua kwa shida, ukitoa moshi mzito. Dada hakungoja hata uishe. Alijilaza kwenye kochi, na kabla hajavua viatu usingizi ulikuwa umemchukua. Polepole akajitandikia sakafuni karibu na mlango. Alimsikiliza anavyokoroma, akamshukuru Mungu, naye akalala.

Asubuhi sili mpya iliingia bila ubishi, kama mguu kwenye kandambili ya zamani. Akarudisha propela shafti, akajaza oili, akashusha gari. Halikuvuja. Akaenda nyuma ya nyumba kunawa, akiwaza wapi ataazima betri.

Akasikia injini.

Iliwaka mara moja, bila kukohoa. Polepole akazunguka mbio, povu la sabuni bado mikononi. Gari lilikuwa limeshatoka bandani, limenyooka vizuri kuelekea barabarani. Kwenye usukani alikaa dada yake, mwanamke ambaye maisha yake yote hata baiskeli ilimshinda. Kiwiko kimoja kilikuwa nje ya dirisha. Uso wake ulikuwa umenawiri, kama wa mtu aliyelala akashiba.

Kwenye dirisha la nyuma yule mama alikuwa amesimama, anapunga mkono, anatabasamu.

Dada akajinyoosha, akafungua mlango wa abiria.

"Panda, shemeji," alisema. "Unaonekana umechoka."

Polepole alisimama pale, maji yakimchuruzika vidoleni, akiyachungulia macho yale amtafute dada yake. Alitafuta sana. Kisha akapanda, akafunga mlango, maana dada ni dada, na hangeweza kumwacha aondoke peke yake.