Sentensi za Karani wa Stoo

"Wahaka," karani alisoma, kidole kikiwa juu ya daftari langu. "Umeandika, 'Nilipata wahaka mashine ya kufulia ilipozima.' Sawa. Lakini wahaka wa mashine ni mdogo. Soma wa kwangu."

Akaandika taratibu chini ya sentensi yangu, akanirudishia daftari. Nikasoma kwa sauti, maana ndivyo tulivyokubaliana.

"'Nina wahaka kila Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi sitakuona.'"

Yeye akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema twende neno la pili.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika.

Mimi ni dobi wa hospitali, mjane kwa miaka tisa sasa. Napiga pasi na kukunja shuka na foronya, kisha nazisukuma kwa toroli hadi stoo, karani anazipokea na kuzipanga rafuni. Wanawake wenzangu wa ibada walikuwa wamenichagua niwe msomaji wao, nami shule yangu iliishia darasa la saba. Nikifika kwenye neno gumu najikwaa mbele ya watu, na wazee wa mstari wa mbele wanakohoa.

Binti yangu wa mwisho alipokwenda chuo aliacha kitabu kimoja tu nyumbani, riwaya ya vijana. Kijana fundi baiskeli anampenda msichana wa shule, na nyumbani kwa msichana hawataki hata kumsikia. Maandishi ni makubwa, nikakibeba kazini. Karani, ambaye naye kafiwa na mke, aliponiona nacho akasema tukisome wote wawili saa ya mapumziko. Yeye angekaa nacho mwisho wa wiki achague maneno matano, mimi ningekaa nacho siku za kazi nisome sura moja. Na kila neno, kila mtu atunge sentensi yake mwenyewe.

Mwenzangu wa pasi, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, alicheka hadi akaunguza foronya. Akasema bibi mwenye wajukuu anafundishwa kupenda na watoto wa sekondari. Nikamjibu kwamba najifunza msamiati tu.

"Hata mimi kwa baba watoto nilianza na msamiati," akasema. "Sasa nina wanne."

Nikamwacha na mdomo wake. Lakini sentensi za karani zilizidi kunitoa jasho. Kwenye neno soni aliandika, "Soni ndiyo inayonizuia, si kwamba sina la kusema." Kwenye kusitasita akaandika, "Nimesitasita siku nyingi, lakini moyo wangu umeshafika kwako." Mimi kwenye kusitasita nilikuwa nimeandika habari za lifti ya hospitali.

Nilisali nipewe akili ya kupambanua. Sikupata jibu, au nililipata nisilielewe. Kama sentensi ile ilikuwa ya somo tu, mbona alipokuwa akiiandika aliikata na kuianza upya mara mbili? Na kama ilikuwa yangu, mbona akimaliza anaanza kuzungumzia sabuni? Mwisho nikamtumia ujumbe.

"Karani, ile sentensi ya kusitasita ni mfano au ni habari?"

Jibu lilikuja nikiwa nimeshakunja shuka kumi.

"Ni msamiati, Mama Dobi. Wewe jifunze tu."

Nikausoma ujumbe ule mara nne. Haukuniambia ndiyo, haukuniambia hapana.

Wiki hiyohiyo mwanangu wa kwanza akapiga simu. Alikuwa ameniandalia chumba kwake, mbali, safari ya siku nzima. Alisema nimefua shuka za wagonjwa vya kutosha, sasa nikapumzike na wajukuu. Alitaka jibu Jumapili, kwa sababu palikuwa na mpangaji aliyekitaka kile chumba.

"Mama, huko unangoja nini?" aliniuliza.

Nikamwambia nitampigia. Ningemwambiaje mtoto niliyemzaa kwamba nangoja maana ya sentensi moja?

Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya kupumzika. Nilifua nguo zangu, nikafagia, kisha nikakaa kitandani na kitabu. Sura yangu ilikuwa ya sita. Nikaimaliza, na kwa kuwa moyo haukutulia nikaendelea. Nilipofika sura ya tisa, kijana fundi baiskeli amesimama chini ya ngazi na msichana wake, anamwambia, "Nimesitasita siku nyingi, lakini moyo wangu umeshafika kwako."

Neno kwa neno.

Nikarudi kwenye daftari, nikafungua kitabu ukurasa baada ya ukurasa. Wahaka wa Ijumaa ulikuwa sura ya kumi na moja. Soni ilikuwa sura ya kumi. Hakuna hata moja aliyoitunga. Nilihisi uso unawaka, peke yangu, mlango umefungwa. Mwanamke mzima nimekosa usingizi kwa maneno ya mtoto wa miaka kumi na saba wa kwenye karatasi.

Ijumaa nilisukuma toroli hadi stoo bila salamu. Nikaweka kitabu mezani kwake, kimefunguliwa sura ya tisa.

"Kumbe ulikuwa unanakili," nikasema.

Alitazama ukurasa, akanitazama.

"Ulikuwa hujafika huko."

"Nimefika. Jumapili nampa mwanangu jibu, nihame au nibaki. Nami nilikuwa karibu kubaki kwa ajili ya haya. Ulikuwa unanicheka?"

"Sikukucheka."

"Basi ulikuwa unafanya nini, baba?"

Alikaa kwenye marobota ya mablanketi.

"Mke wangu nilikaa naye miaka ishirini na sita," alisema. "Sikuwahi kumwambia kitu. Nilileta chakula, nilipaka nyumba rangi, nikadhani anajua. Siku za mwisho, kitandani, akaniuliza kama nilimpenda. Nikamwambia apumzike. Hakuamka tena."

Nje Redio alikuwa akimwita mtu. Sauti ikapita.

"Halafu nikamsoma huyu kijana, anavyosema bila kuogopa. Nikaona afadhali niseme ya kwake kuliko ninyamaze tena. Uliponiuliza kwenye simu nikaogopa. Ndiyo maana nikasema msamiati."

Hasira ilipungua, ila nilikuwa bado gizani. Mtu anaweza kukuhurumisha na bado usijue anataka nini. Nikakifunga kitabu.

"Huyu kijana ni mpenzi wa mtu mwingine," nikamwambia. "Nataka ya kwako."

"Ya kwangu si mazuri."

"Sijaomba mazuri."

Akashika magoti kwa mikono miwili.

"Gurudumu moja la toroli lako linalia. Wameniambia nilitengeneze, nikakataa, kwa sababu ndilo linaloniambia unakuja. Ukienda kwa mwanao, sijui nitakuwa nasikiliza nini hapa. Nataka kukuoa. Nimemaliza."

Nilikaa kwenye robota la pili. Nikamwambia aniache nisali kwanza. Akasema hata mwaka atangoja. Nikamwambia mwaka ni mwingi.

Jumapili nikampigia mwanangu, nikamwambia ampe mpangaji chumba. Akauliza kama naumwa. Nikasema naolewa. Akauliza na nani, anafanya kazi gani, na tumejuana lini. Nikamjibu yote kwa utaratibu, lakini yeye alikuwa amechanganyikiwa kama nilivyokuwa mimi.

"Mama, una hakika na huyo mtu?"

"Njoo umwone, kisha uniulize tena."

Akaja, na mkewe na watoto, na binti yangu akaja kutoka chuo. Siku ya ndoa kiongozi wa ibada alimtaka karani arudie maneno nyuma yake, maneno yaleyale yaliyorudiwa na kila bwana harusi kabla yake. Akayarudia moja baada ya jingine, jasho likimtiririka shingoni. Hata moja halikuwa lake, na safari hii sikumuuliza maana.